Mlango wa Mizigo

Kraaa. Kimya. Kisha tena kraaa, sauti ndefu ya mkanda wa gundi ukivutwa juu ya boksi na kukatwa kwa meno. Bimkubwa aliisikia akiwa bado amefumba macho. Hakuhitaji kuyafumbua kujua kwamba mwanawe, siku ya Jumamosi, siku aliyosema ni ya familia, ameamka kabla ya watu wote kufunga mizigo ya wengine.

"Kuna watu huamshwa na adhana," alisema kwa sauti ya kusikika sebuleni. "Mimi China naamshwa na gundi."

"Samahani, Mama. Hili la mwisho," Tahir alijibu.

"Hata jana lilikuwa la mwisho."

Nyumba yenyewe ilikuwa ghorofa ya tisa, mtaa wa Xiaobei, katikati ya Guangzhou. Vyumba viwili na sebule, na nusu ya sebule ilikaliwa na maboksi. Tahir alikuwa wakala wa mizigo. Wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Unguja walinunua bidhaa, wakamwachia, naye akazifunga, akaziandika alama na kuzipakia kwenye makontena. Zamani maboksi yalifika hadi dari. Mwaka huu ukuta ulionekana. Mkewe Shamsia, mzaliwa wa Temeke, aliwatembeza wanunuzi wanawake masokoni: nguo Zhanqian, vitu vya kuchezea watoto Yide Lu. Kipato chake ndicho kilicholipa pango, ingawa katika nyumba ile hakuna aliyelisema hilo.

Mtoto wao, Swalha wa darasa la tatu, alikuwa amekwisha kuondoka na basi la shule. Siku hiyo darasa lake lilikuwa na gwaride la ngoma kwenye bustani kubwa ya michezo na wanyama huko Panyu, kusini mwa mji, na wazazi walialikwa kutazama.

Kwa Shamsia lile halikuwa gwaride, ilikuwa hukumu. Jioni iliyopita, wakati akipiga pasi mshipi mwekundu wa mtoto, mama mkwe wake alikaa mbele yake na kusema wazi lile jambo ambalo wiki nzima lilikuwa likizungushwa.

"Mimi sikuja kutalii, Shamsia. Kaka zake Tahir wamenituma nimchukue mtoto nikamlee Unguja, kwetu Kikwajuni. Wanasema hapa hana shangazi wala binamu, na skuli yuko peke yake. Lakini mimi si mtu wa kuambiwa, ni mtu wa kuona. Kesho nitamwona mbele ya wenzake. Nikiona ana watu, nitamwacha. Nikiona kasimama kama kitu kilichosahauliwa, Jumatatu naondoka naye."

"Sawa, Mama," Shamsia alisema. Akaukunja ule mshipi, akaukunjua, akaukunja tena.

* * *

Walikuwa wapelekwe kwa gari. Dullah, mpwa wa Bimkubwa na mshindani wa Tahir katika kazi ileile ya mizigo, alikuwa na gari la abiria saba na dereva, na aliahidi mwenyewe mbele ya watu kwenye chakula cha Ijumaa. Walipokuwa wakimalizia chai, simu ya Tahir ikalia. Sauti ya Dullah ikajaa sebule.

"Kaka, nisamehe. Gari kaichukua mzee Théodore, yule tajiri wangu wa Lubumbashi. Wanakwenda Shiling kununua mikoba ya kinamama, na huyu mzee hangoji mtu. Lakini usimhangaishe Shangazi na treni, kwa umri ule. Nakutumia hela ya teksi sasa hivi. Usione haya, Tahir. Sisi ndugu."

Nyuma ya sauti yake mtu alisikika akiharakisha kwa Kifaransa, na mlango wa gari ukafungwa. Kisha hela ikatokea kwenye kioo cha simu, ikisubiri kidole.

Wote watatu waliitazama. Teksi ya kwenda Panyu na kurudi ilikuwa chakula cha wiki katika nyumba ile. Ungekuwa uongo kusema Tahir hakuitamani. Lakini kuna hela ambayo mtu akiipokea anakuwa ameuza zaidi ya thamani yake, na Tahir, pamoja na madhaifu yake yote, alikuwa mtoto wa watu waliokula muhogo mkavu na kumwambia jirani wameshiba wali. Akabonyeza, hela ikarudi ilikotoka.

"Tutakwenda na treni," alisema.

"Mtoto wa Mzee Rashid kumpandisha mamake treni ya umma," Bimkubwa alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayejaribu jinsi habari hiyo itakavyosikika Kikwajuni.

"Treni hiyo wanapanda hata mameneja wa benki, Mama," Shamsia alisema.

"Hao wana pa kushukia."

Shamsia alitia chupa ya chai na kopo la visheti ndani ya mkoba, akachukua pasipoti za wote watatu, maana tiketi za bustani alizonunua kwa simu zilifungwa kwenye namba za pasipoti, akafungua mlango.

* * *

Kwenye kituo cha Xiaobei mkoba ulipita kwenye mashine ya ukaguzi, na mlinzi kijana mwenye glavu nyeupe akaitoa chupa ya chai na kuinyoosha kwa Bimkubwa. Foleni nyuma yao ikasimama.

"Anataka nini huyu?"

"Anataka unywe, Mama. Ajue si petroli."

Bimkubwa akamtazama yule kijana kuanzia kofia hadi viatu. Kisha akafungua kifuniko polepole, akamimina, akanywa mbele ya watu wote kama aliye barazani kwake, akafuta midomo kwa ncha ya mtandio. "Mwambie na yeye anywe. Ajue chai yenye hiliki ni kitu gani."

Shamsia alitafsiri. Kijana akaona haya, akatikisa glavu zake, akawapisha. Bimkubwa alipita akiwa amenyoosha shingo, na kwa mara ya kwanza siku ile Shamsia alilazimika kuficha tabasamu.

Walibadilisha treni mji mpya wa Zhujiang, ambako watu walikuwa wengi kiasi kwamba miguu haikuamua pa kwenda. Shamsia alitangulia akiwa amenyoosha mkono nyuma, kama anavyofanya na wateja wake, na Bimkubwa aliushika mkono ule bila kusema kuwa ameushika. Ndani ya treni mwanamke mmoja mwenye mtoto kifuani alisimama, akampisha kiti.

"Sikumwomba," Bimkubwa alisema.

"Hapa mtu mzima haombi, Mama. Anapewa."

Akaketi. Baada ya vituo kadhaa alitoa kisheti, akamkunjia yule mwanamke kwenye karatasi, akamtilia mfukoni bila kusubiri jibu. Tahir aliyaona yote hayo, na mbavu zake zikapata nafasi kidogo. Alijiambia kwamba siku itakwenda vizuri, na kwamba jambo alilomficha mkewe huenda lisihitaji kufichuliwa kamwe.

* * *

Bustani ile haikuwa bustani moja. Ilikuwa mji: pana wanyama, pana maji, pana ndege, pana mitambo ya kurusha watu hewani, na kati ya sehemu moja na nyingine pana barabara zake, madaraja yake, hoteli zake. Nje ya kituo cha Hanxi mabasi ya bure yalipanga mstari, kila moja na rangi yake na lango lake. Na mbele ya kila basi palikuwa na foleni iliyojikunja kama utumbo.

"Sisi ni la kijani," Shamsia alisema, akisoma ujumbe wa mwalimu kwenye simu. "Lango la kusini, upande wa wanyama. Gwaride linaanza saa nne."

Tahir aliitazama foleni ya basi la kijani. Akamtazama mama yake, aliyekuwa ameegemea goti lake zima na kulipumzisha lile bovu. Akatazama saa.

Hapa ndipo mtu wa kazi yake alipokosea kosa la kazi yake. Kwa miaka yote aliyoishi Guangzhou, Tahir hakuwahi kuingia soko lolote kwa mlango wa mbele. Mlango wa mbele ni wa wanunuzi wenye mikoba na maswali. Mtu wa mizigo huzunguka nyuma, kwenye malori, anampa mlinzi sigara, anamwita bosi hata kama si bosi, anapanda lifti ya bidhaa, na wakati wanunuzi bado wanasukumana mbele yeye yuko ghorofani anahesabu mabunda. Hiyo kwake haikuwa njia ya mkato. Ilikuwa ndiyo njia. Na mara moja, zamani, aliwahi kuchukua shehena ya midoli ya simba wa manyoya kwenye ghala moja nyuma ya bustani hii.

"Mimi hapa napajua," alisema. "Tupande basi la mji linalopita nyuma. Tutakuwa ndani kabla hawa hawajasogea."

"Tahir, foleni hii inatembea."

"Shamsia, mimi naingia majengo ya mji huu tangu wewe hujajua kuamkia kwa Kichina."

Alisema hivyo kwa sababu mama yake alikuwa anasikiliza. Shamsia alijua ni kwa sababu hiyo, akanyamaza kwa sababu hiyo hiyo. Wakapanda basi la mji.

Basi liliacha bendera na muziki, likafuata ukuta mrefu, likawashusha mahali ambapo hapakuwa na mtoto hata mmoja. Palikuwa na malori. Palikuwa na kizuizi cha chuma chenye michirizi, kibanda cha mlinzi, na harufu ya nyasi zilizolowa. Tahir alikwenda mbele akitabasamu, sigara tayari kati ya vidole.

"Laoban," alimwita mlinzi, yaani bosi, na akaanza kueleza: mama mgonjwa wa goti, mtoto yuko ndani, tiketi hizi hapa.

Mlinzi, mtu wa makamo mwenye uso uliochoka, hakuichukua sigara. "Bu xing," alisema. Haiwezekani.

Tahir akacheka kama anavyocheka sokoni, ambako haiwezekani ni mwanzo wa mazungumzo. Akaongeza maneno. "Bu xing," mlinzi alirudia, na safari hii alionyesha kwa mkono vitu viwili: lori, na kizuizi. Hapa huingia lori. Mtu haingii. Na kweli lori lilikuwa limefika, linapiga honi. Mlinzi akatoka kibandani, akamshika Bimkubwa kiwiko kwa adabu, akamwondoa kwenye mstari wa njano, akamsimamisha kando, palipokuwa na magunia ya karoti za tembo.

Lori lilipita polepole. Vumbi lake likakaa kwenye mtandio wa Bimkubwa, ule wa zari, nyuzi za rangi ya dhahabu, aliouchagua usiku kwa ajili ya gwaride la mjukuu.

"Basi leo nimepangwa na karoti," alisema.

"Mama, samahani. Ngoja nimpigie mtu ninayemjua—"

"Usimpigie mtu. Ndiyo tabia yako hii. Kila kitu unataka kipite nyuma, kimyakimya. Ndiyo maana hata la mtoto ulilikubali upesi."

Shamsia aligeuka. "Alikubali nini?"

Bimkubwa aliwatazama wote wawili, akaelewa kwamba amefungua kitu asichojua kama kimefungwa. Lakini hakuwa mtu wa kurudisha neno.

"Hakukwambia? Aliwaambia kaka zake mwezi uliopita kwamba mtoto aje achukuliwe. Sanduku lake limekwisha nunuliwa, liko kwa Dullah. Mimi ndiye niliyesema ngoja kwanza nikaone."

Lori jingine lilikuwa linangoja. Mlinzi alirudi kibandani, akajifanya anaandika.

"Nilisema ikibidi," Tahir alisema.

"Sema yote."

"Nimechoka, Shamsia. Kaka akipiga simu najua anataka kusikia nimekwama wapi. Wateja wote wamehamia kwa Dullah. Nikasema kama nimekwama mimi, mtoto asikwame na mimi."

"Na mimi? Mimi niko wapi katika hesabu hiyo?"

Tahir aliigeuzageuza sigara vidoleni.

"Nikwambie kitu," Shamsia alisema, na hakupandisha sauti. "Wewe umezoea mizigo. Mzigo ukikushinda unamkabidhi mwingine, anakuandikia risiti, unalala. Mimi mtoto sikumpokea kwa risiti. Nilimzaa hapahapa Guangzhou, wewe ukiwa bandarini. Nimempeleka shule kwa treni hizi, mvua na jua, mpaka akajua kusoma majina ya vituo kabla ya jina lake. Kama wataka kumtoa, mtoe kwa mlango wa mbele, mimi nikiwepo."

Bimkubwa alikuwa ameinamisha uso, akijikung'uta vumbi lililokwisha kutoka.

Ndipo ngoma zikaanza. Zilitokea mbali, ndani ya ukuta, nzito na za pamoja, na ukuta mzima ukawa kama kifua cha mtu anayekimbia. Gwaride lilikuwa limeondoka bila wao.

* * *

Shamsia alimwendea mlinzi. Hakumwita bosi. Alimwamkia, akamwonyesha ujumbe wa mwalimu, akamuuliza kitu kimoja tu: kufika lango la kusini kutokea hapa, tupande nini?

Uso wa mlinzi ulibadilika. Tangu asubuhi watu walikuwa wakimwomba asichoweza kutoa, na sasa ameombwa anachokijua. Akatoka, akawavusha barabara yeye mwenyewe, akawasimamisha kwenye kibao kidogo ambacho Tahir alikipita bila kukiona. Kibasi kifupi kikaja, kimejaa wafanyakazi wa hoteli na wazee waliotoka kununua mboga. Dereva alikuwa mwanamke mwenye nywele za mvi. Alipoliona goti la Bimkubwa, alikishusha kibasi upande hadi ngazi ikalingana na ukingo wa barabara.

"Kinapiga magoti," Bimkubwa alisema, akastaajabu licha ya hasira. "Adabu za basi hili zimeshinda za wanangu."

Tahir alibaki amesimama chini. "Panda," mkewe alimwambia bila kumtazama. Akapanda, akasimama nyuma kabisa kati ya vikapu vya mboga.

Lango la kusini lilikuwa na muziki na picha za twiga. Pasipoti zilisomwa, nyuso zikapigwa picha, wakaingia. Lakini ndani palikuwa barabara tena, mbuga tena, vilima, ziwa, na ngoma zilisikika zikihama kama mvua inayokwenda mtaa wa pili.

"Mama, panda mgongoni kwangu," Tahir alisema, akainama.

"Mimi si boksi. Simama wima, watu wanatuangalia."

Shamsia alikuwa mbele ya ramani kubwa ya ukutani, kidole chake kikifuata mstari. Kazi yake ilikuwa kuwapitisha kinamama wasiojua herufi moja ya Kichina kwenye majengo yenye milango mingi, na kuwatoa wote salama na mali zao. Hakutafuta gwaride lilipo. Alitafuta litakapokuwa. "Limeanzia kwa tembo, linazunguka ziwa hivi," alisema. "Kuna kitreni cha matairi kinachowazungusha wageni, na chenyewe kinazunguka kinyume. Tukikipanda tutakutana nalo uso kwa uso."

Kitreni kikaja kikilia kengele. Wakapanda na watu wenye kofia za masikio ya sungura. Bimkubwa aliketi katikati, mtandio wake wa zari, mgongo umenyooka, akitazama mbele kama malkia aliyepewa gari asilolijua na kuamua kulitawala hivyohivyo. Twiga walipita. Hakuwatazama. Alikuwa anasikiliza.

Ngoma zikakua. Kisha, kwenye kona ya ziwa, wakawaona.

* * *

Walikuja safu kwa safu, mishipi myekundu vifuani, vingoma viunoni. Tahir, Shamsia na Bimkubwa walishuka kituo cha kona, wakajipenyeza hadi kwenye kamba. Safu ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Kwenye safu ya tatu Shamsia alimwona mwanawe.

Swalha hakuwa katikati. Hakuwa mbele. Alikuwa mwisho kabisa wa safu, upande wa nje, bega lake likikaribia uzio, kama mtu aliyeongezwa baada ya watu kutosha. Uso mmoja mweusi, ukingoni.

Tahir naye aliona. Alitamani apate boksi la kufunga, mkanda wa kuvuta, chochote cha kufanya kwa mikono. Alichokiomba mwezi uliopita kwa siri kilikuwa kimepewa sababu mbele ya macho yake, na sasa hakukitaka. Akamtazama mkewe. Shamsia alikuwa ameishika kamba kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesomewa barua anayoijua.

"Wamemweka mwisho," Tahir alisema kwa sauti ndogo.

Bimkubwa alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa.

Safu ikafika kwenye kona. Mtoto wa ndani kabisa, mvulana mnene mwenye miwani, akaanza kukanyaga palepale alipo. Wa pili akasogea kidogo. Wa tatu zaidi. Na huko nje, kwenye uzio, miguu ya Swalha ikafunguka. Alipiga hatua ndefu, ndefu kuliko mwili wake, kichwa kimegeukia wenzake, macho yakishika mstari, mikono haikuacha ngoma. Safu yote ikazunguka kwa mwendo wake. Hakuna bega lililotangulia wala lililobaki. Ilipomaliza kona, ilikuwa imenyooka kama uzi uliovutwa, na yule mvulana wa miwani akamtupia Swalha jicho la kuuliza, naye akamjibu kwa kidevu: twende.

"Nani kasema mwisho?" Bimkubwa aliuliza.

Sauti yake iliwafanya wote wawili wamgeukie.

"Nyinyi hamjacheza halaiki, ndiyo maana. Mimi nimecheza, Uwanja wa Amaan, sherehe za Mapinduzi, mie msichana. Wa ndani unaweza kumweka yeyote, hata mvivu, maana yeye anakanyaga papo kwa papo. Wa nje anatembea njia ya watu wote. Akilegea yeye, safu inakatika mbele ya Rais na mbele ya mamako. Mwalimu wetu alitujaribu wiki nzima kutafuta wa nje. Nafasi ile niliililia, Tahir. Nililia machozi. Akapewa msichana wa Makunduchi mwenye miguu kama ya korongo, na mimi nikawekwa katikati, nikafichwa na wenzangu."

Akatazama safu inavyokwenda. Kidevu chake kilikuwa juu.

"Leo damu yangu imepewa," alisema.

Gwaride lilipovunjika uwanjani, Swalha aliwaona, akaja akikimbia na ngoma ikimgonga magoti. Wenzake watatu walimfuata wakibishana kwa Kikantoni nani alikosea mdundo, na msichana mmoja hakuuachia mkono wake hata alipofika kwa wazazi.

"Shikamoo, Bibi. Mmechelewa. Nilikuwa natazama kila kona."

"Marahaba, mama. Kona tumeiona. Nani alikupa nafasi ile?"

"Mwalimu. Tulijaribiwa mimi na wavulana wawili. Hatua zao fupi." Alisema bila majivuno, kama unavyosemwa urefu wa meza. "Bibi, huyu ni Ruoxi. Anataka kujua kama nguo yako ni ya dhahabu ya kweli."

"Mwambie ndiyo," Bimkubwa alisema.

Ruoxi aliposikia jibu alifungua mdomo wazi. Nyuma yao basi la shule likapiga honi, na watoto madirishani wakaanza kuliita jina la Swalha, wakilivunja kila mmoja kwa namna yake, mpaka likawa wimbo. Akambusu bibi yake mkono, akamkumbatia mama, akampiga baba ngumi ya mzaha tumboni, akakimbia. Bimkubwa alisimama akilisikiliza jina lile hadi mlango wa basi ulipofungwa.

* * *

Foleni ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kuja. Shamsia alishika nafasi. Tahir alikuja kusimama kando yake.

"Shamsia."

"Sasa hivi niache nipange foleni, Tahir. Nyumbani tutaongea, na tutaongea mpaka tumalize."

"Sawa." Lakini hakuondoka. Akasogea upande wa jua, kivuli chake kikamfunika mkewe.

Simu yake ikalia. Ilikuwa Dullah. Bimkubwa akanyoosha mkono, akaichukua.

"Shangazi, pole sana na tabu," Dullah alisema. "Tumerudi kutoka Shiling mapema. Gari iko tupu, naileta niwachukue. Najua mmeteseka."

"Gari wape wateja wako, mwanangu. Sisi tuna mabasi yetu, na moja linapiga magoti."

"Sijakuelewa, Shangazi. Na lile sanduku la mtoto, nilete leo au kesho?"

"Sanduku tilia mikoba yako uuze. Zuri, lisikae bure." Akamrudishia Tahir simu kama anayerudisha kijiko.

Foleni ilisogea. Mbele yao basi la kijani lilifungua milango. Shamsia alikuwa amesikia kila neno, lakini hakuthubutu kugeuka. Aliogopa kwamba akigeuka litabadilika. Akahisi mkono mkavu ukimshika kifundo cha mkono.

"Nitazame," Bimkubwa alisema.

Akamtazama.

"Sikuwa nakujua. Nilijua umekaa mjini na kwamba hupiki urojo vizuri. Leo nimetembea nyuma yako toka asubuhi, na sikupotea hata pale mume wako aliponipoteza." Akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, mbele ya foleni nzima. "Nikifika Unguja, kabla sijavua buibui, nitawaita kaka zake Tahir wote, na wake zao wakae wasikie. Nitawaambia mtoto nimemwona kwa macho yangu, na nimemwacha kwa mama yake. Na mwenye neno baada ya hapo, atalisema kwangu, hatalisema kwako. Nakuahidi hilo, Shamsia, mimi Bimkubwa."